Vyama vya Akina Dada na Adhabu ya Chuo: Historia ya Mateso ya Kuingizwa katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Jina na jambo

Katika vyuo vikuu vya Marekani iko desturi ya kale ya kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi anayetaka kuingia katika kundi la wenziwe kabla hajakubaliwa kuwa mmoja wao. Wamarekani huiita "hazing". Neno hilo asili yake ni ya mabaharia. Lilikuwa na maana ya kumwadhibu baharia kwa kumpa kazi nzito zisizo na haja, na kwa maana hiyo Richard Henry Dana alilitumia katika kitabu chake cha maisha ya melini kilichotoka mwaka 1840. Katikati ya karne ya 19 wanafunzi walikuwa wamekwisha kulichukua na kulipa maana waliyoitaka wao.

Jambo lenyewe, hata hivyo, ni la zamani kuliko neno. Katika vyuo vya Ulaya vya karne za kati mwanafunzi mgeni alipewa jina la Kifaransa lenye maana ya "mdomo wa manjano", yaani kinda la ndege ambalo halijaota manyoya, naye alitozwa fedha ili wenyeji wake wapate kula na kunywa. Huko Ujerumani, katika karne ya 17, wanafunzi wa zamani waliwageuza wageni kuwa watumishi wao, wakawavika nguo mbovu na kuwapiga, hata watawala wa nchi wakapiga marufuku desturi hiyo kwa amri.

Kiswahili hakina neno moja linaloenea jambo hili. Mfasiri mwenye haraka angeweza kulitwaa neno "unyago" au "jando", lakini angepotosha maana. Kweli, katika jando na unyago pia palikuwa na taabu, vitisho na fimbo, wala haifai kuyasahau hayo. Walakini tofauti ni kubwa kwa mambo matatu. Kwanza, mwari huingia unyagoni kwa kuwa amefikia umri, si kwa kuwa amechaguliwa na wengine wameachwa. Pili, kungwi ni mtu mzima anayejulikana na wazazi, naye akimdhuru mwari atajibu mbele ya wazee. Tatu, mwari akisha kuchezwa hageuki kungwi mwaka unaofuata. Katika desturi ya vyuo anayetesa amemzidi anayeteswa kwa mwaka mmoja au miwili tu, hana mzee juu yake usiku ule, na huyu anayeteswa leo ndiye atakayeshika ubao wa kuchapia mwakani. Kwa sababu hiyo jambo hili litaitwa hapa "mateso ya kuingizwa", na yule anayengojea kukubaliwa ataitwa "mtarajiwa".

Asili ya vyama vya akina dada

Vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kiyunani vilianza kwa wanaume. Chama cha Phi Beta Kappa kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, na Kappa Alpha mwaka 1825 katika Chuo cha Union. Wanawake walifuata baadaye. Mwaka 1851 wasichana wa Wesleyan Female College, mjini Macon katika jimbo la Georgia, waliunda jumuiya ambayo baadaye ikawa Alpha Delta Pi. Mwaka 1867 wanawake wa Chuo cha Monmouth, Illinois, waliunda jumuiya iliyokuja kuitwa Pi Beta Phi. Tarehe 27 Januari 1870, katika chuo cha Indiana Asbury ambacho leo ni Chuo Kikuu cha DePauw, Bettie Locke na wenziwe watatu walianzisha Kappa Alpha Theta.

Habari za Bettie Locke zaonyesha shabaha ya vyama hivi. Chuo kilikuwa kimefungua mlango kwa wanawake miaka michache tu kabla ya hapo, na wanaume wengi hawakuwataka. Inasimuliwa ya kuwa chama kimoja cha wanaume kilikuwa tayari kumpa beji aivae kama pambo, lakini si kumpa uanachama. Akaikataa beji, akaanzisha chama chake. Basi vyama vya akina dada havikuzaliwa kwa mchezo wala kwa kuiga tu. Vilizaliwa ili wanawake wachache, waliozungukwa na wanaume wasiowapenda, wapate mahali pa kutegemeana.

Hata jina lilichelewa. Kwa muda mrefu vyama hivi viliitwa kwa neno lile lile la Kilatini la wanaume, lenye maana ya udugu wa kiume. Mwaka 1882 Frank Smalley, mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Syracuse, alikiundia chama cha Gamma Phi Beta, kilichoanzishwa hapo mwaka 1874, neno jipya kutokana na "soror", yaani dada. Mswahili asingepata shida hiyo, maana neno "ndugu" humwenea mume na mke pia. Mwaka 1902 vyama kadhaa viliunda baraza moja la taifa, ambalo hatimaye lilikuwa na vyama 26.

Wanawake weusi, waliofungiwa nje ya vyama hivyo, walijenga vyao. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Mwaka 1913 wanawake 22 wa chuo hicho hicho walianzisha Delta Sigma Theta, na kazi yao ya kwanza mbele ya watu ilikuwa kuandamana Washington tarehe 3 Machi mwaka ule kudai kura za wanawake. Zeta Phi Beta ilifuata mwaka 1920, nayo Sigma Gamma Rho ikaanzishwa na walimu saba mjini Indianapolis mwaka 1922. Mwaka 1930 vyama vya weusi, vya wanaume na vya wanawake, viliunda baraza lao. Kwa wanachama wake chama cha namna hii si cha miaka ya chuoni tu, bali ni cha maisha, chenye shughuli za elimu, afya na haki za watu. Asiyelifahamu hilo hawezi kufahamu kwa nini msichana mwenye akili timamu avumilie mapigo ili akubaliwe.

Chuo kama mzazi

Historia ya adhabu yaanza na vyama vya wanaume. Mwezi wa Oktoba 1873, Mortimer Leggett, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Cornell, alianguka usiku katika korongo karibu na mji wa Ithaca wakati wa shughuli za kumwingiza katika chama cha Kappa Alpha, akafa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitunga sheria dhidi ya mateso ya kuingizwa, lakini kwa ajili ya chuo cha wanamaji peke yake. Mwaka 1894 jimbo la New York likawa la kwanza kuyafanya mateso hayo kuwa kosa la jinai. Mwaka 1901, baada ya kifo cha mwanafunzi wa zamani wa chuo cha kijeshi cha West Point, kamati ya Bunge iliwahoji wanafunzi wa chuo hicho, na mmoja wao alikuwa Douglas MacArthur, aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri.

Katika miaka hiyo chuo kilihesabiwa kuwa badala ya mzazi. Mahakama ya Kentucky ilithibitisha hivyo mwaka 1913 katika kesi ya Chuo cha Berea: wakuu wa chuo waweza kuweka amri yoyote ambayo mzazi angeweza kumwekea mtoto wake. Majimbo mengine yalikwenda mbali zaidi. Mississippi ilipiga marufuku vyama vya siri katika vyuo vya serikali mwaka 1912, na mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali kuwa jimbo lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1926.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili, kwamba vyama vya akina dada navyo viliadhibiwa mara nyingi katika zama hizo, lakini aghalabu si kwa sababu ya mateso. Chuo cha Barnard, New York, kilizuia vyama hivyo kuingiza wanachama wapya mwaka 1913, wala havikurudi tena kama vilivyokuwa. Katika Chuo cha Swarthmore wanafunzi wanawake wenyewe walipiga kura mwaka 1933 kuviondoa, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Molly Yard, aliyekuja kujulikana katika harakati za wanawake. Chuo Kikuu cha Stanford kiliviondoa mwaka 1944. Shtaka lililokuwa likitajwa lilikuwa ubaguzi, yaani wachache kuchaguliwa na wengi kuachwa, na wasichana wa Kiyahudi na wa makabila mengine kukataliwa kwa asili yao.

Mateso hayakushtakiwa kwa sababu wakuu wengi hawakuyatazamia kwa wanawake. Nyumba ya akina dada ilikuwa na mama msimamizi aliyekaa humo, saa za kurudi usiku ziliandikwa, na wageni wa kiume waliishia sebuleni. Ilidhaniwa ya kuwa palipo na ulinzi wa namna hiyo hapana nafasi ya ukatili. Mtarajiwa kuvishwa mavazi ya kuchekesha, kunyimwa usingizi, kutumwa kama mtumishi au kukatazwa kusema na watu kulihesabiwa kuwa utani. Hivyo palijengeka desturi kamili ya kudhalilisha, ikiongoza hadi lile juma la mwisho wanafunzi waliloliita "juma la jehanamu", nayo haikupata jina katika daftari za adhabu.

Haki ya kusikilizwa

Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa chuo cha serikali cha Alabama walikwenda kuketi katika mkahawa wa wazungu uliokuwa ndani ya jengo la mahakama mjini Montgomery, wakidai kuhudumiwa. Baadhi yao wakafukuzwa chuoni bila kupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1961 mahakama ya rufani ikaamua, katika kesi ya Dixon, ya kuwa chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la mwenendo bila kumjulisha shtaka na kumsikiliza. Kwa uamuzi huo enzi ya chuo kuwa mzazi ilianza kwisha.

Hapa pana mkasa wa historia. Haki iliyopatikana kwa jasho la vijana waliodai usawa ndiyo iliyokuja kuwa ngao ya yeyote anayeshtakiwa chuoni, pamoja na wale walioshika ubao wa kuchapia. Si haki kuilaumu kwa hayo, kwa kuwa adhabu isiyosikiliza ni dhuluma hata ikimpata mwenye hatia. Lakini tangu hapo chuo kilihitaji ushahidi, na ushahidi katika jambo la siri hutoka kwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeteswa.

Baada ya mzazi kuondoka, kwa muda hapakuwa na mlinzi. Mama wasimamizi walitoweka katika nyumba nyingi, saa za kurudi zikafutwa, na mwaka 1979, katika kesi ya Bradshaw iliyotoka Pennsylvania, mahakama ya rufani ikasema ya kuwa wanafunzi wa siku hizi ni watu wazima, na chuo hakina wajibu wa kuwalinda kama watoto. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya jimbo la Delaware ilirudisha mzani. Mtarajiwa wa chama kimoja cha wanaume katika Chuo Kikuu cha Delaware alikuwa amemiminiwa dawa kali ya kusafishia jiko, akaungua. Mahakama ikasema ya kuwa chuo kilichoyajua mateso hayo na kuyakataza kwa maneno hakiwezi kujitoa katika dhamana kwa kusema kwamba wanafunzi ni watu wazima. Tangu uamuzi huo ofisi za vyuo zilianza kufanya uchunguzi kwa bidii mpya, kwa kuwa ukimya wao nao ungeweza kuwagharimu.

Adhabu ilivyofanya kazi

Mwaka 1990 viongozi wa vyama vinane vya wanafunzi weusi, baada ya kifo cha mtarajiwa mmoja mjini Atlanta mwaka uliotangulia, walifanya jambo kubwa. Walifuta kabisa kipindi cha utarajiwa, yale majuma ambayo mwombaji alikuwa chini ya amri za wanachama, wakaweka badala yake utaratibu mfupi wa maombi, mafunzo na kuapishwa. Pasipokuwa na utarajiwa, walifikiri, hapatakuwa na mateso.

Matokeo yalikuwa mengine. Walioingia kwa utaratibu huo mpya walidharauliwa na wenzao, wakaitwa watu "wa karatasi", yaani wanachama kwa maandishi tu, ambao hawakupikwa wakaiva. Ili kuikwepa aibu hiyo watarajiwa wengine waliomba wenyewe wapitishwe katika njia ya zamani, nayo njia hiyo, kwa kuwa sasa ilikatazwa, ilihamia usiku, katika nyumba za kupanga zilizo mbali na chuo. Walter Kimbrough, aliyeandika juu ya vyama hivi mwaka 2003, ni mmoja wa wataalamu walioonyesha ya kuwa kukatazwa kwa utarajiwa hakukuyakomesha mateso. Zamani palikuwa na kipindi kilichojulikana, chenye mwanzo na mwisho, ambacho mkuu wa wanafunzi aliweza kukichungulia. Baada ya 1990 hapakuwa na cha kuchungulia.

Vyama vya akina dada vya weupe navyo havikuwa salama. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha DePauw, pale pale Kappa Alpha Theta ilipozaliwa, wasichana wapya wa chama cha Kappa Kappa Gamma walichomwa kwa sigara katika shughuli za kuingizwa, na tawi likaadhibiwa. Katika chuo ambako chama kilianzishwa ili mwanamke asiwe pambo la beji ya wanaume, wanawake walikuwa wamefika mahali pa kutia alama ya moto katika mwili wa dada yao.

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, California, mtarajiwa wa Sigma Gamma Rho alipigwa mwaka 2008 kwa siku kadhaa. Alishitaki, na kesi ikaenda njia mbili. Kwa upande wa chuo, tawi lilisimamishwa hadi mwaka 2016. Kwa upande wa dola, wanachama wanne walihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha siku 90 katika jela ya wilaya. Mwezi wa Januari mwaka huo huo wanachama sita wa chama hicho hicho katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, walikamatwa. Waendesha mashtaka walisema ya kuwa mtarajiwa alipigwa kwa ubao zaidi ya mara 200 katika muda wa siku saba, mpaka akalazimika kutafuta matibabu. Chuo kikalisimamisha tawi. Sheria ya New Jersey ilikuwa imekwisha kusema tangu mwaka 1980 ya kuwa ridhaa ya aliyeteswa si kinga kwa mtesaji.

Yafaa kueleza jinsi adhabu hizi zinavyokwenda, kwa kuwa nguvu zake na udhaifu wake vimo katika utaratibu wenyewe. Habari ikifika katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi, chama huamriwa kusimamisha shughuli zote mpaka uchunguzi utakapokwisha. Wachunguzi huwahoji wanachama na watarajiwa mmoja mmoja. Ikionekana kwamba iko hoja, chama hupewa barua ya mashtaka, husikilizwa mbele ya baraza, na chaweza kukata rufani. Adhabu huanza kwa onyo, hupanda hadi kuwekwa chini ya uangalizi, na huishia katika kunyang'anywa utambulisho kwa miaka kadhaa au daima. Makao makuu ya chama nayo yaweza kulifuta tawi kwa amri yake yenyewe.

Muda wa kusimamishwa mara nyingi hupimwa kwa hesabu ya usahaulifu. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne, kwa hiyo tawi lililofungwa kwa miaka minne au zaidi hurudi halina hata mmoja aliyeyaona yaliyotendeka, na mnyororo wa kurithishana mateso hukatika. Hiyo ni hoja nzuri. Lakini ina upande wa pili. Adhabu humpata kila mwanachama, aliyepiga na asiyepiga, na pia mtarajiwa mwenyewe, ambaye chama alichokitamani kimefungwa kwa sababu ya kinywa chake. Wenziwe humhesabu kuwa ndiye aliyekiua chama. Tena wanachama wakongwe waliotawanyika katika nchi humwona msaliti, na kwa chama cha maisha jambo hilo si dogo. Basi adhabu inayofunga tawi huweka bei juu ya ushuhuda, na bei hiyo hulipwa na aliyeumizwa.

Kwa nini hawasemi

Wataalamu wa nafsi waligusa kiini cha jambo hili mapema. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walitoa matokeo ya jaribio lao juu ya wanafunzi wanawake 63. Wanawake hao waliambiwa ya kuwa wataingia katika kundi la mazungumzo. Wengine waliingizwa kwa kusomeshwa kwa sauti maneno ya aibu kali, wengine kwa aibu ndogo, na wengine bila jaribu lolote. Kisha wote walisikilizishwa mazungumzo ya kundi, ambayo kwa makusudi yalikuwa ya kuchosha. Walioingia kwa aibu kali ndio waliolisifu kundi zaidi. Mtu aliyelipa bei kubwa hukataa kuamini kwamba alichonunua ni duni. Ndiyo sababu mtarajiwa wa leo huwa mtetezi wa desturi kesho, na mtesaji mwakani, bila kujiona kuwa amebadilika.

Mwaka 2008 Elizabeth Allan na Mary Madden wa Chuo Kikuu cha Maine walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi 11,482 katika vyuo 53. Kati ya wanafunzi waliokuwa katika vyama, timu na makundi, asilimia 55 walikuwa wamepatwa na vitendo vya mateso ya kuingizwa, na katika vyama vya herufi za Kiyunani asilimia 73. Lakini katika kila 10 waliopatwa na vitendo hivyo, 9 hawakukubali kuyaita mateso. Na miongoni mwa wale waliokubali jina hilo, asilimia 95 hawakuwaarifu wakuu wa chuo.

Tarakimu hizi zarudisha hoja katika suala la jina. Msichana aliyenyimwa usingizi siku tano, akatukanwa, akalazimishwa kunywa au kupigwa, husema kwamba "aliwekwa sawa", au kwamba "walijenga umoja". Maadamu jambo halina jina baya kinywani mwake, hana la kushitaki. Sheria yaweza kutamka ya kuwa ridhaa si kinga, lakini sheria haiwezi kusema kwa niaba ya mtu ambaye hajajua kwamba ameumizwa.

Kuifunua siri

Kufikia mwaka 2024 majimbo 44 ya Marekani yalikuwa na sheria dhidi ya mateso ya kuingizwa, na baadhi yake, kama Florida mwaka 2005, Pennsylvania mwaka 2018 na Ohio mwaka 2021, yalikuwa yameongeza ukali baada ya vifo vya vijana. Sheria ya Pennsylvania iliongeza na jambo jingine: kila chuo kichapishe habari za makosa ya vyama vyake, ili mzazi na mwombaji wapate kuzisoma. Tarehe 23 Desemba 1994 ingekuwa ndoto kulitazamia hilo kwa nchi nzima. Tarehe 23 Desemba 2024 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria inayovilazimisha vyuo vyote vinavyopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kufanya vivyo hivyo. Chuo hutakiwa kuhesabu matukio, kutoa mafunzo, na kuchapisha taarifa yenye jina la chama kilichopatikana na hatia, kosa lenyewe, tarehe zake na adhabu iliyotolewa, bila kuwataja wanafunzi kwa majina. Sheria hiyo yasema pia ya kuwa kitendo huhesabiwa kuwa mateso hata ikiwa aliyetendewa alikubali.

Sheria hii haikuunda kosa jipya la jinai wala haikuongeza siku moja ya kifungo. Nguvu yake ni nyingine. Kwa miaka 150 tangu kifo cha Leggett dawa iliyotumiwa ilikuwa kuongeza uzito wa adhabu, na kila uzito ulipoongezeka siri nayo ilichimbiwa chini zaidi. Taarifa iliyochapishwa humfikia msichana kabla hajaomba kuingia chamani. Humpa jina la jambo kabla halijamfika, na humwonyesha ya kuwa wako wengine kabla yake waliopitishwa humo wakasema. Isitoshe, yule aliyesema haoni tena kwamba amekisingizia chama peke yake, maana sasa kosa limeandikwa na chuo na kusomwa na watu.

Walakini taarifa nayo ina mipaka yake. Chama kisichotambuliwa na chuo, kilichokwisha kufutwa lakini kingali kikikutana katika nyumba za kupanga, ni vigumu kukipata katika orodha. Na chuo chenye kuogopa jina baya chaweza kuchunguza polepole ili kisiwe na cha kuchapisha. Kwa hiyo orodha fupi si lazima iwe dalili ya amani. Katika miaka ya kwanza ya sheria hiyo chuo chenye orodha ndefu huenda kikawa ndicho ambacho wanafunzi wake wameanza kukiamini.

Historia hii yaonyesha kwamba vyama vya akina dada vilianza kama kimbilio, navyo kwa wengi vingali kimbilio. Wanawake waliotoka humo wameongoza shule, hospitali, mahakama na mabunge. Kuvifuta vyote, kama vyuo vingine vilivyofanya, huyaondoa mateso pamoja na kimbilio. Kuviacha bila kuviuliza humwacha mtarajiwa mikononi mwa watu wa rika lake usiku, pasipo kungwi anayejibu kwa wazee. Kati ya njia hizo mbili chuo hakina budi kutafuta adhabu itakayomtenga aliyepiga na asiyepiga, itakayorudisha mtu mzima mwenye dhamana katika shughuli za kuingiza wanachama, na itakayomlinda shahidi kwanza kabla ya kulilinda jina la chuo. Kipimo cha adhabu hiyo si idadi ya matawi yaliyofungwa. Kipimo chake ni kwamba, baada ya kutolewa, msichana mwingine aliyeumizwa ataona ni rahisi zaidi kuja kusema.